Nilikiita Kidonge cha Usingizi

Jumapili, 16 Septemba 2007

Dada Leokadia, shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kupitia kwako namsalimu Mama. Mgongo wako unaendeleaje? Na magoti ya Mama, ile baridi ya Julai imeyaachia, au bado anashuka kitandani kwa kushika ukuta? Huku Marekani, hapa Adelphi, mimi na mwanangu Irene tu wazima. Tunakula, tunasali, tunakwenda kazini na shuleni. Habari za Dunstan ndizo hasa zilizonifanya ninunue daftari hili.

Nehemiah, yule Mpare tunayesali naye, anakuja nyumbani mwezi wa kumi na moja, na amekubali kulileta mpaka Useri mkononi mwako. Nitakuwa naandika kidogo kidogo, kama vile tumekaa wote jikoni tunamenya ndizi. Kwa simu siwezi. Simu ni ya Mama, na sauti yake inasikika mpaka kwa jirani.

Mdogo wetu bado hajarudi katika hali yake. Tangu wifi yetu afariki na yeye akashindwa kuja kuzika kwa sababu ya makaratasi, anaishi kama mgeni ndani ya ngozi yake. Anakwenda kazini kwenye bustani ya miche huko Beltsville, anarudi, anakula, anakaa. Usingizi anapata kwa vidonge alivyopewa kliniki mwezi wa kwanza, nilishakuambia.

Jumatano, 19 Septemba

Bibi yangu wa Wheaton, yule ninayemtunza, amekataa kuoga siku ya pili. Anasema maji yana njama.

Jumamosi, 22 Septemba

Leo Dunstan amezungumza mezani. Nimefurahi kwanza, nikaacha kufurahi baadaye.

"Dada, kuna Mzungu kazini, anaitwa Cheryl. Amenialika mahali."

"Harusi?"

"Si harusi. Wanakunywa dawa."

"Dawa ya nini? Unaumwa?"

"Ya mmea. Inatoka misitu ya Amerika ya Kusini. Wanakusanyika, wanavaa nyeupe, wanaimba, na kila mtu na ndoo yake, maana inatapisha."

Irene akaangua kicheko kwenye neno ndoo. Mimi nikaweka kijiko chini. "Dunstan, Wazungu walikuja wakatuambia tuache matambiko, tukaacha. Leo wao ndio wanatambika, na wewe unataka kwenda kuwashikia ndoo?"

Dada, alicheka! Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Kisha akasema taratibu, "Cheryl alimwona baba yake aliyekufa. Walisemezana. Mimi nataka kumuaga mke wangu tu. Nimuage, basi."

Ungemjibu nini? Mimi nilikusanya sahani.

Jumapili, 30 Septemba

Baada ya misa nilimpeleka kwa Padri Tito, nikamweleza yote mbele yake, kama anayeshitaki mtoto. Padri hakukaripia. Alimuuliza, "Una ugonjwa wowote, Dunstan? Unatumia dawa?" Dunstan akasema, "Sina ugonjwa, Padri. Cha usingizi tu." Padri akamwambia aombe, na asikimbilie kila mlango ulio wazi.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa nafikiria dhambi tu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimenyunyiza maji ya baraka kwenye viatu vyake akiwa bafuni. Majani ya ule mti wa nje yameanza kugeuka. Huku nako ni vuli, ila ni vuli ya majani, mvua hakuna.

Jumanne, 9 Oktoba

Nitaandika kirefu leo, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Jioni Dunstan alileta karatasi kutoka kwa Cheryl, akaibandika kwenye friji kwa sumaku. Ni maagizo ya kujiandaa. Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 27. Wiki mbili kabla, asile jibini iliyokaa, asile nguruwe, asinywe bia, asile vitu vilivyochachushwa. Akaniomba nimpikie bila hivyo. Nikasema moyoni, hii ni kwaresima ya mwezi wa kumi, na mfungaji amekuwa mtii kuliko alivyowahi kuwa kwa Kanisa. Akaenda kuoga.

Irene alikuwa anatafuta maziwa. Akasimama mbele ya ile karatasi, akasoma mpaka chini. Unajua Irene, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza chake. Aliniambia, "Mama, hapa chini wameandika dawa ambazo mtu akizitumia hatakiwi kunywa hiki kitu kabisa. Ya Mjomba imo. Wameiandika kwa jina."

"Hicho ni cha usingizi," nikasema upesi.

Akaniangalia. "Mama. Nani alisema?"

Mimi, dada. Mimi nilisema.

Sasa nakueleza nililokuficha. Mwezi wa kwanza nilipompeleka kliniki, daktari alikuwa mwanamke, na mkalimani wao hakuwepo. Akaniomba nitafsiri. Alimuuliza Dunstan maswali mengi, na Dunstan akajibu, mengine nilikuwa siyajui: kwamba kuna asubuhi anasimama kituoni anaacha mabasi matatu yapite kwa sababu haoni sababu ya kupanda. Mwishoni daktari akasema kwamba ana ugonjwa wa huzuni, na vidonge anavyompa ni vya huzuni hiyo. Dunstan akanigeukia, "Anasemaje?" Na nje ya pazia walikuwa wamekaa watu, na wawili nilishawasikia wakizungumza Kiswahili.

Nikasema, "Anasema hulali vizuri. Amekupa dawa ya usingizi."

Nilifikiri namsitiri. Wewe unajua kwetu neno hilo linakwenda wapi. Ukisema mtu anameza dawa za huzuni, wa pili anasema za akili, wa tatu anasema alilazwa Mirembe na wendawazimu, na Dunstan hajafika hata Dodoma. Nilifikiri pia kwamba akilijua jina lake hatazimeza. Na kwenye chupa pameandikwa jina refu la kidaktari lisilomwambia mtu kitu. Basi miezi tisa kila asubuhi nimemwekea kidonge pembeni ya kikombe cha chai. Hata hilo halikumshangaza, cha usingizi kumezwa asubuhi. Ananiamini.

Alipotoka bafuni nikamuuliza kama Cheryl alimuuliza habari za dawa.

"Aliniuliza. Kama nameza dawa za huzuni. Nikamwambia hapana, cha usingizi tu, na siku hiyo sitakimeza."

Hakudanganya. Alisema anachokijua.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimemwendea Chebet, yule nesi Mkalenjini wa jumuiya yetu, kwake, akiwa bado na nguo za kazi.

"Ai, Mama Irene! Na ukamwambia ni ya usingizi? Si ungesema tu ni ya malaria!"

Nikacheka kwa aibu. Yeye akaacha kucheka. Akanieleza polepole, akinishika mkono: hizo dawa mbili zikipatana ndani ya mwili mmoja zinaweza kumshika mtu vibaya. Homa kali, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na kuna watu wamekufa. Kuruka kidonge cha siku hiyo si kitu, maana dawa inakaa mwilini muda mrefu.

"Basi aache leo," nikasema. "Zimebaki wiki mbili na zaidi."

"Wacha! Asiache mara moja, hiyo pia ni mbaya. Daktari ndiye anapunguza, pole pole, na yeye ndiye anajua ni wiki ngapi mwili ukae mpaka iishe. Si mimi, si wewe, si huyo Mzungu wa maua. Ongea na daktari. Na umwambie ndugu yako ukweli, mama. Hii si maneno ya kufunika na sufuria."

Kila siku ninapanga vidonge vya bibi wa Wheaton katika kile kisanduku cha siku saba, na naandika saa na dakika. Sijawahi kukosea hata kimoja.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimepiga simu kliniki. Msichana wa mapokezi amesema habari za mgonjwa hawazungumzi na mtu mwingine, apige mwenyewe. Nikamwambia mimi ndiye niliyetafsiri. Akasema kwa upole, "Ndiyo mama, ulitafsiri, lakini mgonjwa si wewe." Nimeacha ujumbe.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nilitaka kumwambia leo. Alikuwa amechoka.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimemwambia. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe la siku ile.

"Dunstan, kile kidonge si cha usingizi."

"Ni cha nini?"

"Ni cha huzuni. Daktari alisema unaumwa huzuni. Mimi ndiye niliyetia neno usingizi."

Akaendelea kupiga pasi. Akamaliza kola, akageuza mkono wa shati.

"Ulimleta Padri, akashindwa. Ukanimwagia maji ya baraka kwenye viatu, niliona soksi zimelowa. Sasa umemleta daktari."

"Si uongo, mdogo wangu. Muulize Chebet. Ukinywa ile dawa juu ya hii, inaweza kukuua."

"Hii ni dawa, na ile ni dawa. Dawa na dawa zinagombania nini?"

"Piga kliniki, uwaulize mwenyewe."

"Dada," akasema, na sasa akaweka pasi wima, "ama ulinidanganya mwezi wa kwanza, ama unanidanganya leo. Chagua moja."

Nikasema mwezi wa kwanza. Akasema, "Basi aliyenidanganya mara moja..." Hakumaliza. Alitundika shati mlangoni, na hapo ndipo linaponing'inia ninapoandika.

Jumatano, 17 Oktoba

Hajapiga. Nimemuuliza, anasema atapiga.

Ijumaa, 19 Oktoba

Hajapiga. Majani yamejaa ngazini.

Jumanne, 23 Oktoba

Nimeomba ruhusa kwa bibi wa Wheaton, nikapanda mabasi mawili mpaka Beltsville, nikijua Dunstan Jumanne hutumwa na lori kupeleka miche. Nilikwenda na rozari ndani ya mfuko wa koti. Nilitegemea kukutana na mganga. Nikamkuta mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi na udongo kwenye kucha, anahamisha maua kutoka vyungu vidogo kwenda vikubwa.

Nilimwambia kwa Kiingereza changu hiki cha kazini. Nilisema mdogo wangu anameza dawa ya huzuni, hili hapa jina lake, na nikampa karatasi aliyoniandikia Irene. Aliisoma, akakaa chini juu ya gunia la mbolea.

"Nilimuuliza," akasema. "Nilimuuliza mara mbili."

"Alikujibu nilichomwambia mimi."

Akaniambia Jumamosi hatampa, wala siku nyingine yoyote mpaka daktari wake mwenyewe aseme, hata kama ni baada ya mwaka. Akasema kila anayekuja yeye humuuliza hivyo hivyo, na kwamba ndilo jambo analoliogopa kuliko yote. Alikuwa analia. Dada, mwezi mzima nimesali Mungu aniondolee mwanamke huyu, na kumbe ndiye peke yake aliyemuuliza Dunstan swali la maana akasubiri jibu.

Nilimwomba asimwambie kuwa nilifika. Akasema hawezi kudanganya.

Jumatano, 24 Oktoba

Dunstan amerudi kabla ya muda wake. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

Alichukua mfuko wa nguo, akaanza kukunja moja moja kama mtu anayekwenda likizo.

"Ulikwenda kazini kwangu."

"Nilikwenda."

"Cheryl ameniuliza kama naumwa huzuni. Kwa upole kabisa, amenishika bega. Sikujua nimjibu nini, kwa sababu mimi mwenyewe sikuambiwa." Akakunja suruali. "Miezi tisa, dada. Asubuhi, pembeni ya chai. Kumbe kila ukiniwekea ulikuwa unaniangalia kama mtu wa Mirembe."

"Sijawahi kukuangalia hivyo."

"Kama ni hivyo, kwa nini ulificha?"

Ningejua, ningekuandikia hapa.

Irene alisimama mlangoni, akasema, kwa Kiswahili, mtoto ambaye hata salamu humjibu Nehemiah kwa Kiingereza, "Mjomba, usiende." Dunstan akamwekea mkono kichwani, akapita. Chupa ya vidonge ameichukua. Amekwenda kukaa Wheaton kwa Simiyu, Mluhya anayefanya naye kazi.

Jumamosi, 27 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Hakunywa. Nimeshukuru.

Jumapili, 4 Novemba

Kwenye jumuiya wameuliza Dunstan yuko wapi. Nimesema amesafiri. Wakamwombea msafiri.

Jumamosi, 10 Novemba

Simiyu amepiga simu.

"Mama Irene, pole kwa kusumbua. Huyu ndugu yako anafunga?"

"Anafunga nini?"

"Chakula anakula. Amefunga dawa. Alizimwaga kwa choo, anasema anasafisha mwili. Sasa jasho inamtoka, anatapatapa, anasema kichwa inampiga kama ameshika waya ya stima. Halafu nikapata ameficha zingine kwa soksi. Akilemewa anameza moja, akipata nguvu anaacha tena."

"Anasafisha mwili kwa ajili ya nini?"

Simiyu akashusha sauti. "Kuna watu wengine wa hiyo dawa ya kutapika, wako Virginia. Hao hawaulizi maswali. Ni Jumamosi, tarehe moja mwezi ujao."

Yaani, dada, kutoka kwa Cheryl amechukua nusu ya neno. Ameambiwa mwenye vidonge hanywi, akaelewa kwamba akiacha vidonge atakunywa. Ile nusu ya daktari ameiacha mezani kwangu.

Chebet amempigia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema "asante sana, sista," akakata. Chebet amemwambia Simiyu dalili zote, na kwamba akiona hata moja apige simu ya dharura hapo hapo, asingoje kumuuliza mtu. Cheryl naye amenipigia. Hawajui hao wa Virginia, lakini anaendelea kuulizia. Kliniki wamesema tena apige mwenyewe. Kila mtu amefanya la kwake, na yote yanaishia mlangoni kwa Dunstan.

Jumanne, 13 Novemba

Leo niliwapigia, unakumbuka. Nilikuwa nimekusudia kukwambia ujitenge na Mama. Ukapokea, ukauliza, "Dunstan anaendeleaje?" na mdomo wangu ukasema, "Anaendelea vizuri." Mama akauliza kwa nyuma, "Anakula?" Nikasema, "Anakula, Mama." Kisha kadi ya simu ikaisha, nami sikununua nyingine.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimekwenda kwa Simiyu. Dunstan mwenyewe alifungua mlango, akaniamkia, akanipa kiti, akanichemshia chai. Amekonda. Kikombe kilikuwa kinagongana na sahani yake mkononi.

Nikashuka kwenye kiti nikapiga magoti, mimi niliyembeba mgongoni. "Sikukatazi tena. Sina tena neno la dini. Ukitaka kumuaga mkeo kwa dawa hiyo, muage, lakini kwanza mwone daktari. Nakwenda nawe kesho."

Akaniinua kwa viwiko, kwa heshima yote.

"Tukienda, dada, nani atatafsiri?"

Nilikunywa chai nikaondoka. Nimeondokaje, sikumbuki.

Jumapili, 18 Novemba

Nehemiah anakuja kesho kuchukua daftari, anapanda ndege Jumanne. Ukilipata Jumapili ijayo zitakuwa zimebaki siku sita.

Dada, hapokei simu zangu, wala za Chebet. Namba ya nyumbani anapokea, Simiyu ameniambia, hata akiwa kazini hutoka nje kuipokea. Chukua simu ya Mama, nenda nayo mbali na nyumba, umpigie wewe. Usimwambie habari za dhambi wala uganga, zote hizo nilizimaliza mimi. Mwambie aende kwa daktari kabla ya kunywa chochote na kabla ya kuacha chochote, na aseme wazi yote anayomeza, na kliniki wamtafutie mkalimani mgeni asiyemjua. Simiyu atamsindikiza mpaka getini tu.

Na kuna jambo jingine umwambie. Siku ile mwezi wa kwanza daktari hakusema jina la ugonjwa peke yake. Alinyoosha mkono akaugusa wa Dunstan, akaniambia: "Mwambie mdogo wako huu si wazimu, wala si kosa lake. Mtu aliyenyimwa kumzika mke wake anaweza kuumwa hivi. Na watu hupona." Maneno yote hayo niliyameza mimi, nikampa moja tu, usingizi. Wakati nakwepa lile la aibu nilimwibia na haya.

Kutoka kwangu hawezi kuyasikia tena, atasema nimetunga. Msomee wewe kama nilivyoyaandika, neno kwa neno. Kisha nijibu upesi, tafadhali, kabla ya Jumamosi hiyo.

Mdogo wako,
Flaviana